Hamira ya Pombe na Siri ya Mwili Wetu

1. Chungu kinachochemka bila moto

Mama mmoja anataka kupika pombe ya mtama. Anauroweka mtama mpaka unaota. Anauanika, kisha anausaga. Huo ndio unga wa kimea. Anapika uji, anauacha upoe, halafu anatia kimea. Anafunika chungu na kukiweka pembeni.

Kesho yake anafunua. Povu limejaa juu. Ukitega sikio, unasikia mlio mdogo kama wa kitu kinachochemka. Lakini chini ya chungu hakuna moto. Ni nini basi kinachochemsha?

Wazee wetu waliijua kazi hii barabara. Walijua siku za kungoja. Walijua kuwa machicha ya pombe ya jana huharakisha pombe ya leo. Lakini kile kilichomo ndani ya machicha hawakuweza kukiona, kwa sababu hakionekani kwa macho matupu.

Ndani ya machicha mna viumbe hai vidogo sana. Viumbe hivyo huitwa hamira. Hamira tunayonunua dukani kwa kuumulia maandazi ni jamaa yao.

Katika somo hili tutasoma habari za hamira moja iliyotoka katika pombe ya Afrika Mashariki. Hamira hiyo ndogo imewafundisha wataalamu wa dunia nzima jinsi mwili wa binadamu unavyokua. Imewafundisha pia jinsi ugonjwa wa saratani unavyoanza.

2. Jaribu mwenyewe

Usikubali neno kwa kuambiwa tu. Jaribu mwenyewe, au jaribuni pamoja darasani.

Chukua glasi tatu. Katika glasi ya kwanza tia maji ya vuguvugu, kijiko kimoja cha sukari na kijiko kidogo cha hamira ya dukani. Katika glasi ya pili tia maji ya vuguvugu na hamira, lakini usitie sukari. Katika glasi ya tatu tia sukari na hamira, kisha mimina maji yanayotokota. Ngoja nusu saa.

Glasi ya kwanza itafanya povu. Glasi ya pili haitafanya povu la maana, kwa kuwa hamira haikupata chakula. Glasi ya tatu nayo itakaa kimya, kwa kuwa maji ya moto yameiua hamira.

Sasa tumejua mambo mawili. Hamira hula sukari. Hamira hufa. Kitu kinachokula na kufa ni kiumbe hai. Hamira inapokula sukari, hutoa vitu viwili: kileo na hewa. Hewa ndiyo inayofanya povu katika chungu na kuumua unga wa maandazi. Kileo ndicho kinachomlevya mnywaji.

Angalia pia namna tulivyofanya. Hatukutumia glasi moja. Tulitumia tatu, tukabadili kitu kimoja kimoja, kisha tukalinganisha. Kama glasi ya kwanza ingekuwa peke yake, tusingejua kama povu limeletwa na hamira, na sukari au na maji. Watu wa maabara hufanya kazi yao kwa njia hiyo hiyo. Maabara ni nyumba ya kujaribu na kulinganisha.

3. Neno la Kiswahili laenda Ulaya

Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani walitawala sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Pombe ya nafaka kutoka huku ilipelekwa Ujerumani. Huko alikuwako mtaalamu wa mambo ya bia, jina lake Paul Lindner. Aliichunguza pombe hiyo kwa hadubini. Hadubini ni chombo chenye vioo vya kukuza vitu vidogo.

Lindner aliona hamira ya namna ambayo hakuizoea. Hamira ya mikate na ya bia za Ulaya ni ya mviringo. Ikitaka kuzaa huchipua kinundu ubavuni, na kinundu hicho hukua na kuachana na mama yake. Hamira hii ya Afrika Mashariki haikuwa ya mviringo. Ilikuwa ndefu kama kijiti. Nayo haikuchipua. Ilirefuka, kisha ikakatika katikati, ikawa mbili zilizo sawa.

Mwaka 1893 Lindner aliipa jina la kitaalamu. Jina hilo ni refu: Schizosaccharomyces pombe. Neno la kwanza lina maana ya hamira inayogawanyika. Neno la pili unalijua. Ni pombe, neno letu la Kiswahili. Mpaka leo, mtaalamu wa Japani, wa Marekani au wa Uingereza anayeshughulika na hamira hii huitaja kwa neno hilo. Nasi katika somo hili tutaiita hamira ya pombe.

4. Seli ni nini?

Nyumba hujengwa kwa matofali. Mwili wa kila kiumbe hai umejengwa kwa vitu vidogo viitwavyo seli. Mti una seli. Ng'ombe ana seli. Mtu ana seli nyingi mno, zaidi ya milioni milioni 30. Lakini seli si kama tofali lililokauka. Seli ni hai. Hula, hufanya kazi na huzaa.

Hamira ni kiumbe chenye seli moja tu. Hiyo seli moja ndiyo mwili wake wote. Seli za hamira ya pombe ni ndogo sana. Ukizipanga seli mia moja katika mstari, mstari huo utakuwa na urefu wa milimita 1 hivi.

Mtu naye alianza na seli moja. Seli hiyo ilipatikana pale mbegu ya baba ilipoungana na yai la mama. Ikagawanyika ikawa mbili. Mbili zikawa nne, nne zikawa nane. Hivyo hivyo mpaka akawa mtoto mwenye macho, mikono na moyo. Hata sasa seli zako zinagawanyika. Ukijikata kidole kwa jembe, kidonda hupona kwa sababu seli mpya zinazaliwa na kuziba mahali palipokatika.

Kwa hiyo kugawanyika kwa seli ni jambo kubwa. Seli zisipogawanyika, mtoto hakui na kidonda hakiponi. Zikigawanyika ovyo, ni ugonjwa. Ni nani anayeiambia seli, "Sasa gawanyika"? Ni nani anayeiambia, "Bado, ngoja kwanza"? Hilo ndilo swali ambalo hamira ya pombe ilisaidia kulijibu.

5. Maagizo yaliyoandikwa kwa herufi nne

Wewe umejifunza kusoma. Unajua kuwa kwa herufi chache tu mtu anaweza kuandika barua, sheria, au maelezo ya kutumia dawa. Herufi ni zile zile. Kinachobadilika ni mpango wake.

Ndani ya kila seli nako mna maandishi. Hayakuandikwa kwa wino. Yameandikwa kwa vitu vidogo vilivyopangwa katika uzi mwembamba sana. Uzi huo ndio watu wanaouita vinasaba au DNA. Pengine umesikia habari za kupima vinasaba ili kujua baba wa mtoto. Ni uzi huo huo.

Maandishi ya vinasaba yana herufi nne tu. Wataalamu huzitaja kwa alama A, T, G na C. Sehemu moja ya uzi yenye agizo moja huitwa jeni. Jeni moja huiambia seli namna ya kutengeneza kitu kimoja inachokihitaji. Uzi wenyewe umegawanywa katika vipande virefu viitwavyo kromosomu. Tunaweza kusema kuwa kromosomu ni kitabu, na jeni ni agizo moja lililomo kitabuni.

Hamira ya pombe ina vitabu 3, yaani kromosomu 3. Maandishi yake yana herufi karibu milioni 14, na maagizo kama 5,000. Yote yalisomwa, herufi kwa herufi, na kutangazwa mwaka 2002. Mtu ana kromosomu 46 na maagizo kama 20,000.

Kabla seli haijagawanyika, lazima inakili vitabu vyake vyote. Kisha inampa kila mtoto nakala yake kamili. Ndiyo sababu mtoto hufanana na wazazi wake. Ndiyo sababu pia mbegu ya mtama huota mtama, haioti mahindi.

6. Herufi moja ikikosewa

Baba amesafiri. Anamwandikia kijana wake barua fupi: "Funga zizi." Lakini mkono unateleza, anaongeza herufi moja tu. Barua inasomeka: "Fungua zizi." Kijana anatii. Usiku ule ng'ombe wote wako nje, na fisi wako porini wanangoja.

Herufi moja imeharibu kazi. Katika seli ni vivyo hivyo. Seli inaponakili vinasaba vyake, mara chache hukosea herufi. Moshi wa tumbaku, jua kali na sumu fulani huweza pia kuharibu herufi. Makosa mengi hayana madhara. Mengine hubadili maana ya agizo, na seli huanza kufanya jambo lisilotakiwa. Badiliko kama hilo hurithiwa na watoto wote wa seli ile, kwa kuwa watoto hupewa nakala ya kitabu chenye kosa.

Watu wa maabara waliona kuwa kosa laweza kuwa mwalimu. Fundi wa baiskeli hujua kazi ya breki kwa kuiona baiskeli isiyo na breki. Vivyo hivyo, ukitaka kujua kazi ya jeni moja, tafuta hamira ambayo jeni yake hiyo imeharibika. Tazama inashindwa kufanya nini. Hapo utajua kazi ya jeni hiyo ilikuwa nini.

7. Jinsi kazi inavyofanywa maabara

Kwanza huandaliwa shamba la hamira. Shamba hilo ni kisahani kidogo chenye mfuniko. Ndani yake hutiwa chakula cha hamira, kama sukari na chumvi za namna mbalimbali. Chakula hicho hugandishwa kwa unga utokao katika mwani wa baharini, kikawa kama uji mzito uliopoa. Vyombo vyote huchemshwa kwa mvuke ili vijidudu vingine visiingie.

Pili, hamira hutiwa dawa inayoharibu herufi chache za vinasaba vyake. Kisha huchanganywa na maji mengi ili seli zitengane. Matone machache hupakwa juu ya kisahani. Kila seli hukaa mahali pake peke yake, kama mbegu zilizopandwa mbali mbali.

Tatu, hungojwa. Tufanye hesabu. Kama seli moja ya hamira inagawanyika kila saa 3, kwa siku moja itagawanyika mara 8. Seli moja itakuwa seli 256. Kwa siku mbili zitakuwa 65,536. Kwa siku tatu zitapita milioni 16. Wakati huo utaona kwa macho yako kitone cheupe juu ya kisahani. Kitone hicho ni ukoo mmoja. Wote wametoka kwa seli moja, na wote wana maandishi yale yale.

Nne, vitone hunakiliwa. Mtaalamu huchukua kitambaa cha mahameli kilicho safi, akakigandamiza juu ya kisahani. Seli chache za kila kitone hushika kitambaani. Kisha hukigandamiza kitambaa juu ya visahani viwili vipya. Sasa ana visahani viwili vyenye vitone vile vile mahali pale pale, kama mhuri uliopigwa mara mbili.

Kisahani kimoja huwekwa mahali pa baridi kidogo, penye nyuzi 25. Cha pili huwekwa penye joto la nyuzi 36. Hamira nzima huota katika visahani vyote viwili. Lakini huenda kitone fulani kikaota penye nyuzi 25 na kushindwa penye nyuzi 36. Kitone hicho kina jeni iliyo dhaifu. Penye baridi inafanya kazi kwa shida. Penye joto inashindwa kabisa. Faida ya njia hii ni kwamba mtaalamu anaweza kuifuga hamira mgonjwa penye baridi, na kumwonyesha ugonjwa wake penye joto wakati wowote apendapo.

Mtaalamu Leland Hartwell wa Marekani alitumia njia ya joto na baridi kwa hamira ya mikate. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, yeye na wenzake walipata hamira nyingi zilizoshindwa kugawanyika. Kila moja ilisimama katika hatua yake. Hivyo walijua kuwa kugawanyika kwa seli kuna hatua zilizopangwa. Hatua moja haianzi kabla ile inayotangulia haijakamilika.

8. Kisahani kilichotupwa

Huko Uingereza alikuwako kijana aliyeitwa Paul Nurse. Alishindwa mtihani wa lugha ya Kifaransa mara 6, na kwa ajili hiyo alichelewa kuingia chuo kikuu. Akapata kazi ya msaidizi katika maabara ya kiwanda cha bia. Baadaye alipokelewa chuoni, akasoma kwa bidii.

Katika miaka ya 1970 Nurse alikwenda mji wa Edinburgh kuchunguza hamira ya pombe. Huko aliona hamira za ajabu. Zilikuwa fupi kuliko kawaida. Hamira ya pombe ya kawaida hungoja mpaka irefuke vya kutosha, ndipo igawanyike. Hizi fupi hazikungoja. Ziligawanyika kabla ya wakati.

Wengine walitafuta hamira zilizosimama. Nurse aliona kuwa zenye haraka zina fundisho kubwa zaidi. Baiskeli inaweza kusimama kwa sababu mia: mnyororo umekatika, au gurudumu limepasuka. Lakini baiskeli isiyosimama ina kosa katika breki au katika usukani. Hamira yenye haraka lazima iwe na kosa katika jeni inayoamua wakati wa kugawanyika.

Alizitafuta hamira fupi kwa hadubini, moja moja, kwa muda mrefu. Alipata kama hamsini. Karibu zote zilikuwa na kosa katika jeni ile ile moja. Jeni hiyo ni breki. Ndiyo inayosema, "Ngoja, hujakua."

Siku moja kisahani chenye hamira fupi kiliingiwa na ukungu. Nurse mwenyewe amesimulia kuwa alikitupa katika pipa la taka, akaenda nyumbani. Jioni moyo ukamsuta. Akarudi maabara, akakiokota kisahani, akaitenga ile hamira na ukungu. Ikawa hamira hiyo haikuwa kama nyingine. Kosa lake lilikuwa katika jeni ya pili. Jeni hii haikuwa breki. Ilikuwa ndiyo inayotoa amri yenyewe: "Sasa gawanyika!"

9. Jeni ya mtu ndani ya hamira

Baada ya hapo Nurse alikuwa na swali kubwa zaidi. Je, mtu naye ana jeni ya amri kama hii? Wengi walidhani haiwezekani. Hamira na mtu ni ndugu wa mbali mno. Wahenga wao walitengana zaidi ya miaka milioni 1,000 iliyopita.

Huko London, Nurse na mwenzake Melanie Lee walijaribu. Walichukua hamira ya pombe ambayo jeni yake ya amri imeharibika. Penye joto haikuweza kugawanyika. Wakachukua vipande vingi mno vya vinasaba vya binadamu, wakaviingiza ndani ya hamira hizo, kila seli na kipande chake. Kisha wakaziweka penye joto.

Fikiri juu ya jaribio hili. Vipande vingi havikuwa na faida. Seli zilizovipata hazikuota. Lakini kama kati ya vipande vile kimo kimoja chenye agizo lile lile, seli iliyokipata itapona, itagawanyika, na kufanya kitone. Hamira yenyewe itawaonyesha jeni wanayoitafuta.

Vitone vikaota. Walipokisoma kipande kilichoiponya hamira, waliona jeni ya mtu inayofanana sana na jeni ya hamira. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1987. Agizo la mwili wa mtu lilisomwa na hamira, likaeleweka, likatiiwa.

Maana yake ni kubwa. Seli za hamira na seli zetu zinaongozwa na amri ile ile. Mtu wa Ulaya, wa Afrika na wa Asia hugawanya seli zake kwa namna moja. Ng'ombe, samaki na mgomba nao wana jeni za namna hiyo.

Mwaka 2001 Hartwell, Nurse na Mwingereza mwingine, Tim Hunt, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Hunt alikuwa amechunguza mayai ya wanyama wadogo wa baharini, akapata kitu kingine kinachofanya kazi pamoja na jeni ile ya amri.

10. Saratani ni breki iliyokatika

Sasa twaweza kueleza ugonjwa wa saratani, ambao wengine huuita kansa.

Katika mwili wenye afya, kila seli hugawanyika kwa wakati wake na kusimama kwa wakati wake. Lakini seli moja inaweza kupata makosa katika maandishi yake. Kwa kawaida si kosa moja. Ni makosa kadhaa yanayokusanyika kwa miaka mingi. Ndiyo maana saratani huwapata wazee zaidi, ingawa hata watoto huweza kuipata. Breki zikikatika, seli ile hugawanyika bila kungoja. Watoto wake nao hawana breki. Hufanya uvimbe. Baadaye nyingine husafiri kwa njia ya damu na kuota mahali pengine mwilini.

Kwa hiyo saratani si uchawi, wala si laana. Humwambukizwi saratani kwa kumgusa mgonjwa, kula naye au kumwuguza. Ni seli za mwili wenyewe zilizosahau kusimama.

Ukijua breki ilipokatika, waweza kutafuta dawa. Mwaka 2015 Marekani iliruhusu dawa moja iitwayo palbociclib kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya titi iliyokwisha kuenea. Dawa hiyo huzuia vitu vilivyo ndugu wa ile amri ya kugawanyika. Haiondoi ugonjwa kabisa, lakini huuchelewesha. Njia ya kuipata dawa hiyo ilipita katika visahani vya hamira.

11. Hamira inayotengeneza chanjo

Tumeona kuwa hamira inaweza kusoma agizo la mtu. Inaweza pia kusoma agizo la kirusi. Wataalamu wametumia jambo hili kwa faida yetu.

Kuna ugonjwa uitwao homa ya ini aina ya B. Huletwa na kirusi. Mtu anaweza kukaa nacho miaka mingi bila kujua, kisha akapata saratani ya ini. Wataalamu walichukua jeni moja tu ya kirusi hicho, ile inayotengeneza ganda lake la nje, wakaitia ndani ya hamira ya mikate. Hamira ikatengeneza maganda matupu. Ganda tupu haliwezi kuleta ugonjwa. Lakini linaufundisha mwili kumtambua adui kabla hajafika. Chanjo hiyo ilikubaliwa Marekani mwaka 1986.

Siku hizi watoto wetu hupata kinga ya ugonjwa huu katika chanjo inayounganishwa na kinga za pepopunda, kifaduro, dondakoo na nyinginezo. Unapompeleka mtoto kliniki akachomwa sindano ya paja, kumbuka kuwa unamkinga na saratani moja ya ukubwani.

12. Tufanye nini?

Hamira ya pombe imeifaa dunia. Lakini hiyo si sababu ya kunywa pombe. Kileo chenyewe huharibu vinasaba. Huongeza hatari ya saratani ya mdomo, koo, ini, titi na utumbo. Hamira tuishukuru, pombe tujihadhari nayo. Tumbaku nayo tuiache.

Tuwapeleke watoto kupata chanjo zote bila kuruka.

Mwanamke akiona uvimbe katika titi, hata kama hauumi, aende hospitali mapema. Mtu mwenye kidonda kisichopona, au damu inayotoka isivyo kawaida, au uvimbe unaokua, asikae nyumbani akingoja. Seli zisizo na breki haziwangoji. Zilizokuwa chache leo, kesho ni nyingi, kama tulivyoona katika hesabu ya kisahani. Uvimbe mdogo ni rahisi kutibiwa kuliko mkubwa.

Na tusidharau kitu kidogo. Machicha yaliyobaki chini ya chungu cha pombe yalikuwa na elimu ndani yake. Ilihitaji mtu wa kutazama, kujaribu, kulinganisha na kutokata tamaa.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini tulitumia glasi tatu katika jaribio la hamira?
2. Hamira ya pombe inatofautianaje na hamira ya mikate inapozaa?
3. Ikiwa seli moja inagawanyika kila saa 3, baada ya saa 12 zitakuwa seli ngapi?
4. Toa mfano mwingine wa neno la Kiswahili linalobadilika maana kwa herufi moja.
5. Jaribio la mwaka 1987 lilionyesha nini juu ya mtu na hamira?
6. Katika kijiji chenu watu husema nini juu ya saratani? Yapi ni ya kweli? Yapi si ya kweli?
7. Kliniki iliyo karibu nanyi hutoa chanjo siku gani? Andika siku hizo, kisha uwasomee jirani zako.